Hesabu Ila: Namna ya Kupima Raha ya Mchezaji wa Jumapili

Kwanza tafuta dodoso. Usihangaike kutunga lako, wenzetu walishamaliza kazi. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alitupangia majibu ya ngazi tano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "napinga kabisa". Mwaka 1991 Kendzierski na DeCarlo wakatoa maswali 18 ya kupima raha ya mazoezi. Mwaka 1998 Riemer na Chelladurai wakafika maswali 56, wakamuuliza mwanamichezo mpaka habari za bajeti ya timu. Chapisha hilo la 56 kama una wino wa kuchezea, ulipeleke kwenye mazoezi ya maveterani, uwanja wowote wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam.

Utagundua mapema kwamba Likert hakuwahi kusalimiana na Mswahili. Mimi nilianza na beki wetu, mtu wa miaka hamsini na ushei, aliyekuwa ametoka kupigwa tobo mara mbili na kijana aliyekuja tu kumsindikiza baba yake.

"Mzee, mechi ya leo umeionaje?"

"Nzuri."

Nikaweka tano.

"Nzuri tu, ila goti."

Nikafuta, nikaweka nne.

"Ila na refa naye!"

Tatu.

"Ila hawa watoto hawana adabu. Mtu mzima unampitishia mpira miguuni, watu wanacheka?"

Nikarudisha kalamu mfukoni. Kwetu hata aliyelazwa wodini habari yake ni nzuri, ila anaumwa. Na neno lenyewe limejitosheleza: ila ni kiunganishi, ila ni kasoro.

Basi achana na ngazi, hesabu ila. Chora vijiti vinne, cha tano ukatize, kama muuza maji anavyohesabu madumu. Ila za goti usizitie. Hizo ni za umri, mpira umesingiziwa. Ila za refa zihesabu nusu, maana kwetu refa ndiye mwenye mpira na akinuna anaondoka nao. Ila ya kunyimwa pasi iandike kwa wino mwekundu. Mwenye nayo hasemi na mtu mpaka supu ifike.

Ukitaka namba za kitaalamu zaidi, yupo Gunnar Borg, Mswidi aliyebuni kipimo cha jinsi mtu anavyojisikia kuchoka. Kinaanzia 6, kinaishia 20, na ukizidisha jibu kwa 10 unapata takriban mapigo ya moyo kwa dakika. Nilimuuliza kipa wetu akanijibu 6. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, ameomba maji mara tatu.

Wacheza bao walio kando ya uwanja usiwapime. Anayecheza hana nafasi ya kukujibu, na maoni yote wanayo waliosimama nyuma yake.

Mwisho jumlisha. Kwangu beki aliongoza kwa ila 11, hapo goti nimeshaliondoa. Nakala yake ya dodoso hakuijaza. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa daluga, akaaga kwa kusema mpira sasa basi. Kwa hesabu zangu huyo ndiye asiyeridhika kuliko wote.

Jumapili iliyofuata nilifika saa kumi na mbili alfajiri, giza linaanza kuachia. Nilimkuta uwanjani peke yake, goti limefungwa bendeji, anafunga kamba za viatu. Nyasi zilikuwa na umande, kwa hiyo alikuwa amekalia dodoso langu.