Lazima ya Nani?

(Ghala la mahindi, Sumbawanga, Juni, jua linazama. Swichi wa mtandao yumo kabatini. Mjusi amejilaza juu yake, maana baridi ya Ufipa haina mwenyeji. Kamera yuko nje, langoni. Waya ametandazwa katikati.)

KAMERA: Shikamoo, mzee. Kila usiku nikiwasha taa zangu, nazimika.

SWICHI: Marahaba. Mlango wangu unatoa wati 15.4, kama kilivyoagiza kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003, kile cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao.

KAMERA: Huku hazifiki hata 12.95.

SWICHI: Soma vizuri, kijana. Imeandikwa mlango lazima uweze kutoa 15.4. Haikuandikwa lazima zikufikie. Wewe ndiye umeandikiwa lazima usivute zaidi ya 12.95.

MJUSI: Na hizo 2.45 nani anazila?

SWICHI: Zinapotea njiani, joto. Ampea 0.35 zikipita kwenye omu 20, piga hesabu, utazipata hizohizo. Wataalamu hawakubahatisha.

MJUSI: Kumbe ni yale ya mkulima wa Laela! Gunia linapimwa nyumbani, likifika kwa mnunuzi mizani inasema mengine.

SWICHI: Tena mwaka 2018 wameongeza: mlangoni 90, kwenye kifaa 71.3.

MJUSI: Mgawo umekua, na upungufu nao umekua.

KAMERA: Na Waya kaandikiwa nini?

SWICHI: Omu zisizidi 20.

WAYA: Wazee, mnisamehe. Kwenye boksi nimeandikwa shaba. Ndani ni alumini, shaba nimepakwa tu.

SWICHI: Hayo yako kwenye kitabu cha nyaya. Sisi wa milangoni hatuingilii.

KAMERA: Lakini mimi, kabla hujanipa hata tone, unanipima kwa volti zisizofika 11, unatafuta kilo-omu 25 kama unadai cheti cha kuzaliwa! Waya ulimkagua lini?

SWICHI: Hakuna kifungu kinachonilazimisha. Kisicho lazima ni hiari, mwanangu, na hiari haina bajeti.

KAMERA: Basi kiandikwe upya, kiseme bayana kwamba…

(Giza limeingia. Taa za Kamera zinawaka, zinafifia, kimya.)

MJUSI: Mzee, hajamaliza kusema.

SWICHI: Mlango namba 7 hauvuti umeme. Kwa mujibu wa kiwango hapo hakuna kifaa, na pasipo kifaa hapana malalamiko.

MJUSI: Na yule aliyesimama langoni na tochi?

SWICHI: Huyo hatumii umeme wangu.