Mtani, Kadi Kwanza, Tasnifu Baadaye

Kuna Masaki mbili, na mtani wangu Mnyamwezi kila tukikutana lazima aulize mimi ni wa ipi. Mimi ni wa Masaki ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo, njia ya Maneromango. Ile ya ufukweni jijini Dar es Salaam ina wenyewe. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakikatiza kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Siku hizi mjukuu kapanga geto Kibaha, anasoma shahada ya uzamili, na mzigo wake ni laptopu na rundo la madodoso. Bima ya afya hana. Akiumwa anameza panadol, anaendelea na sura ya nne.

Mtani, hili linaniuma kweli. Mwanafunzi wa uzamili husahaulika kirahisi: umri wa kukaa kwenye kadi ya mzazi umempita, na mwajiri wa kumkata asilimia 3 ya mshahara na kumwongezea 3 nyingine, kama utaratibu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulivyo kwa watumishi tangu 2001, mara nyingi hana. Haya, hesabu nami makimbilio saba ya afya yako, tukishuka hadi namba moja.

7. Duka la dawa la jirani

Limeburuza mkia, na linastahili. Kila homa kwako ni malaria, kila kikohozi unakipiga antibiotiki nusu dozi kwa sababu mwenzako wa geto alipona. Wewe unayemkatalia mtu hoja isiyo na ushahidi, mbona mwili wako unautibu kwa tetesi? Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone moja la damu na dakika kama ishirini hivi. Hata sampuli yako ya utafiti hujaitendea vibaya namna hiyo.

6. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi

Uko Kisarawe, una kivuli na hewa. Njoo Jumamosi utembee. Mgongo uliopinda mezani hauhitaji kibali cha msimamizi kunyooka.

5. Kuchangia damu

Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima damu ya kila mchangiaji: virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Umesaidia mzazi aliyejifungua kwa shida, na wewe umejijua ulivyo. Tukiwa kwenye vipimo, dada zangu mliofika miaka thelathini, wengi wenu mko uzamili sasa: ulizeni kituo cha afya cha serikali kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa kawaida hufanywa bila malipo. Hapa sina utani hata chembe.

4. Mtu wa kumwambia ukweli

Mwaka wa kwanza wa uzamili una darasa, una wenzako, una kelele. Wa pili una chumba, feni na barua pepe ambayo msimamizi hajaijibu. Huko ndiko wengi wanakopotelea. Unaacha kupokea simu za nyumbani kwa sababu swali ni lile lile, "unamaliza lini?" Usiku hulali, mchana husomi. Mtani, huo si uvivu, na si mkono wa mtu.

Chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Usidhani imewekwa kwa ajili ya vijana wa mwaka wa kwanza wanaogombania vyumba. Ingia, kaa, sema. Kama haitoshi, hospitali ya rufaa hukutana na matatizo ya afya ya akili kila siku. Najua ukisikia maneno hayo unaiwaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na watu watakavyokusema. Waache waseme. Anayekwenda kuonana na daktari kwa sababu hajalala wiki nzima amefanya jambo la akili kuliko kipande chochote cha tasnifu yake.

3. Bima za kampuni binafsi, na za ughaibuni

Kampuni zipo, na kama mfadhili wako analipa, pokea na shukuru. Ukitoa mfukoni, soma kwanza masharti: wanakutibu wapi, kikomo ni shilingi ngapi, na ugonjwa uliokuwa nao kabla wanauchukuliaje. Anayekwenda kusoma Uingereza ajue kwamba tangu Februari 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma ya afya, juu ya ada ya viza. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Na ukisoma mtandaoni kwamba NHIF imefutwa, usianguke kwenye kiti: ni ile ya Kenya, iliyopisha mamlaka mpya ya huko, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024.

2. Kadi ya wazee nyumbani

Utashangaa kuikuta juu kiasi hiki. Mzazi akiumwa kijijini bila bima, fedha inayokwenda ni ya kwako, ile uliyoweka ya kukusanyia data. Bima ya afya ya jamii, CHF, ilipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Basi ukienda kusalimia, pitia ofisi ya kijiji, uulize utaratibu wa sasa na uwaandikishe wazee kabla hujala kuku wao.

1. Kadi yako mwenyewe ya mwanafunzi

Kiwango cha NHIF kilichozoeleka kwa mwanafunzi wa chuo ni shilingi 50,400 kwa mwaka. Gawanya: 4,200 kwa mwezi, 140 kwa siku. Mtani, kwa 140 hata andazi hulipati.

Shida iko hapa. Kadi hii hupitia chuoni na inafuata usajili wako. Mwaka wa masomo ukiisha, nayo inakufa. Aliyeko chuoni atakumbushwa na wenzake. Wewe uko Kibaha, au uko vijijini kwetu unahoji wakulima wa korosho, hujasajiliwa kwa sababu ada haijakamilika. Unakwenda dirisha la bima na homa ya digrii 39, dada anaingiza namba, anakutazama, anakurudishia kadi taratibu: "Kaka, hii haisomi." Kwa hiyo hata ada ikikaba, nenda ofisi ya usajili uulize mapema, ukiwa mzima.

Jua pia pa kwenda. Tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa mvutano wa kitita kipya cha mafao, na waliokuwa wakitegemea hospitali moja wakabaki barabarani. Weka mbili au tatu kichwani. Kibaha una Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyozoea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Ukielekea Dar es Salaam kuna Mloganzila. Bodaboda ikikuangusha, ndugu mmoja ashughulikie fomu ya PF3 polisi wakati wengine wanakukimbiza hospitali.

Namba ya kulipia bima (control number) ukishaipata, lipa siku hiyo hiyo. Halafu piga picha kadi mbele na nyuma, mtumie mtu mmoja wa nyumbani anayepokea simu usiku, maana siku ya ajali simu huvunjika pamoja na mwenyewe.