Barua ya Wazi kwa Baraza la Udhamini: Tunadaiwa Miaka 13

Kwa Mheshimiwa Rais,
Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa,
New York.

YAH: MIAKA 13 YA KUTOIVA AMBAYO TANGANYIKA HAIKUITUMIKIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwanza pole kwa kukaa bila kazi. Nafahamu kwamba Baraza lako lilisimamisha shughuli tarehe 1 Novemba 1994, mwezi mmoja baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa mikononi mwenu, kujitawala. Lakini jina lenu bado limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, wajumbe wenu watano wapo, na ukumbi upo, ule mliopewa zawadi na Denmark, wenye sanamu ya mwanamke wa mbao ya msaji aliyeinua mikono akimrusha ndege. Huku kwetu tunajua kwamba ofisi yenye ukumbi na viti haifi. Ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Shida yangu ni deni. Ujumbe wenu uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulisema katika taarifa yake kuwa nchi hii ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Najua hata hilo liliwagharimu. Mwenyekiti wa ujumbe, aliyetoka New Zealand, alijitenga na hoja ya kutaja muda, na Uingereza ikanuna, ikiona kwamba kumtajia Mwafrika tarehe ni kumdekeza. Tarehe 7 Machi 1955 kijana mmoja mwalimu, Julius Nyerere, alisimama mbele yenu akasema chama chake cha TANU kinaamini tutafika mapema zaidi ya hapo. Mlimsikiliza kwa adabu. Sasa piga hesabu ya upendeleo kabisa: 1954, jumlisha 20, unapata 1974. Sisi tuliondoka tarehe 9 Desemba 1961. Miaka 13 haijatumikiwa, na sijaona waraka wowote unaosema tumesamehewa.

Mimi si mtu wa kukwepa deni. Ila kabla ya kulipa, ningependa kuhakiki vipimo vilivyotumika kutuona wabichi.

Tuanze na vita. Ilipokuja vita ya Hitler, wazee wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, walichukuliwa kwa makumi ya maelfu. Walipigana Uhabeshi, Madagaska, na Bama, ambako mwaka 1944 walilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria, hadi Kalewa. Wakati wa kuandikishwa hakuna aliyewauliza kama wamefika darasa la nane. Kidole cha kufyatulia risasi kilionekana kimeiva vizuri. Na wakati huohuo, Agosti 1941, Churchill na Roosevelt walikuwa wametangaza kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill akalifafanulia Bunge lake kwamba walikuwa wanawafikiria watu wa Ulaya waliokaliwa na Wanazi. Tunashukuru kwa ufafanuzi. Ungetufikia mapema, labda baadhi ya wazee wangeuliza wanapelekwa Bama kufanya nini.

(Vita ya kwanza sitaitia kwenye hesabu. Ile iliisha bila hata sisi kuulizwa. Waingereza na Wabelgiji walikaa mezani mwaka 1919, Ruanda na Urundi zikaenda kwa Mbelgiji, sisi tukaenda kwa Mwingereza, na maofisa wakaanza kutafuta jina la kutubandika. Miongoni mwa majina yaliyopendekezwa ni Smutsland na Windsorland. Kwa hilo la Tanganyika, kwa kweli, nasema asanteni.)

Basi vita ya pili ikaisha, na vyuma vyake vikaletwa Kongwa. Hapa ndipo tulipojifunza maana ya watu walioiva. Serikali ya London iliamua kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru aina ya Sherman vilivuliwa bunduki vikageuzwa matrekta. Vikakwaruzana na mizizi ya vichaka vya Ugogo, na mizizi ikashinda. Mvua ikakosa, udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zilizokubali kuota zikagoma kung'oka. Mgogo yeyote aliyewahi kushika jembe angeweza kuwaambia kuhusu mvua ya Dodoma, lakini maoni ya wenyeji yalikuwa bado hayajaanza kukusanywa. Mwaka 1951 wakafunga, baada ya kuzika pauni milioni 36 hivi. Waliofanya kazi hiyo walirudi kwao na kuendelea kujitawala. Sikusikia ujumbe wowote ukipelekwa London kuangalia kama wapo tayari.

Tuje kwenye suala la Wameru, ambalo liko kwenye majalada yenu. Novemba 1951, watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili katika ardhi yao yapatikane mashamba 13 ya walowezi. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, wenyewe wakatakiwa kwenda King'ori. Wameru hawakuchukua mikuki. Walifanya kile ambacho ninyi mnasema mtu aliyestaarabika hufanya: walichangishana shilingi kwa shilingi, wakaandika maombi kwa mujibu wa taratibu zenu, wakawatuma mwenzao Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton mpaka New York. Mwaka 1952 Kirilo akaingia ukumbini kwenu akaeleza.

Mlisikitika. Hilo nalikiri, limeandikwa kwenye azimio: Baraza lilisikitika kwamba watu wamehamishwa bila ridhaa yao. Baadaye mwaka huohuo, shauri likafika Baraza Kuu, kamati ikapitisha azimio kali zaidi, na lilipokwenda kupigiwa kura ya mwisho likakosa theluthi mbili. Masikitiko yakabaki New York, ng'ombe wa walowezi wakabaki Ngarenanyuki. Ukitaka kujua maoni ya wenyeji kuhusu kujitawala yalitoka wapi, Mheshimiwa, usiyatafute kwenye vitabu vya siasa. Kirilo alirudi akazunguka akisimulia alichokiona, na watu waliomsikiliza walijua tayari kwamba hata ukifuata njia ya mdhamini hadi mwisho wake, unarudi na pole.

Kisha kuna jambo la Wasomali, ambalo linanikosesha usingizi. Italia ilishindwa vita. Mwaka 1949 Umoja wa Mataifa ukairudishia Somalia, lakini kwa masharti: miaka 10 tu, kisha uhuru. Ilipofika Julai 1960, uhuru ukaja kweli. Sisi tuliokuwa chini ya mshindi wa vita tukaambiwa 20 hadi 25, na mshindi mwenyewe akasema hata hiyo ni haraka. Kwa hiyo wale wazee waliokwenda kumpiga Mwitalia kule Uhabeshi walikuwa wanaturefushia kifungo. Naomba hilo liangaliwe wakati wa kukokotoa riba.

Sasa kipimo chenyewe. Gavana wetu, Sir Edward Twining, alikuwa bingwa wa mataji ya wafalme wa Ulaya, hata akaandika kitabu kinene juu yake. Mtu mwenye kipaji hicho hawezi kukosa hesabu nzuri ya watu. Waafrika tulikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia na Waarabu wapata laki moja, Wazungu wapata 20,000. Akatugawia viti vya Baraza la Kutunga Sheria: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Usawa ukapatikana. Mzungu mmoja alitosha kwenye mizani dhidi ya Waafrika 400 na ushei, na aliyelalamika aliambiwa ni mbaguzi.

Halafu zikaja Kura Tatu, uchaguzi wa 1958 na 1959. Ili uandikishwe, uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kimojawapo cha vyeo vilivyotajwa. Ukishaingia kwenye chumba cha kura, hukuruhusiwa kumchagua umpendaye ukaenda zako. Ulitakiwa uchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiruka mmoja, kura yote imeharibika. Yaani mwalimu wa Tanga aliyetoka nyumbani akijua jina moja, alipewa majina mengine mawili kama nyongeza ya lazima.

Kina Bibi Titi Mohamed ndio walioiingiza TANU majumbani, wakipita kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, mama kwa mama, hadi kadi zikajaa. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na darasa la nane wala pauni 150. Walikuwa wameiva kujenga chama, ila si kukipigia kura.

Na hizo pauni 150 zina bahati yake. Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alishtakiwa kwa yale aliyoandika katika gazeti la chama kuhusu wakuu wa wilaya wawili, akatozwa faini. Kiasi? Pauni 150, au miezi sita jela. Ukizipata kwa mwaka, una akili ya kuchagua. Ukifungua mdomo sana, unazirudisha. Huko Usukumani, kwa muda wa miaka kadhaa, TANU haikuruhusiwa hata kufungua tawi, nadhani ili maoni ya wenyeji yakusanywe katika hali ya utulivu.

Matokeo mnayajua. TANU iliamua pale Tabora, Januari 1958, kuingia kwenye Kura Tatu hivyohivyo zilivyo, ikawaunga mkono Wazungu wake na Waasia wake, kina Derek Bryceson na Amir Jamal, na chama cha UTP ambacho Gavana alikipenda hakikuambulia kiti. Mwaka 1960 viti 70 kati ya 71 vikawa vya TANU. Kile kimoja cha Mbulu alikichukua Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Kama kulikuwa na maoni mengine ya wenyeji, yalijificha vizuri sana.

Sasa utajiuliza kwa nini nashughulika na deni la zamani namna hii. Ni kwa sababu kazi mliyoiacha, Mheshimiwa, imepata watu wa kuiendeleza, na hawana hata haja ya kuvuka bahari. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi ikituuliza kama tunataka vyama vingi. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema kimoja kinatosha. Vyama vingi vikaja mwaka 1992. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya, nasifu tu ufundi. Kisha Tume ya Jaji Warioba ikakusanya maoni ya katiba mpya, ikaleta rasimu ya serikali tatu. Bunge Maalumu la 2014 likarudisha mbili. Kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na bado tunaisubiri. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba wananchi wapewe kwanza elimu ya katiba. Kuvundikwa kwetu kunaendelea, basi tu mkungu umebadilishiwa chumba.

Ndipo nilipowaza: pengine tatizo ni hizo karatasi. Pengine viongozi wetu wamepekua majalada ya New York wakakuta tulitoka kabla ya muda, wakaona si busara kutuamini mpaka tumalize. Kwa hiyo naomba Baraza lako, kwa kuwa lina nafasi, likae siku moja tu litupe cheti. Kiseme kwamba wakazi wa iliyokuwa Tanganyika wameiva kuanzia tarehe fulani, na kwamba miaka 13 imefutwa, au imelipwa kwa Bama, Kongwa na Ngarenanyuki. Kikiandikwa kwa Kiingereza kitaheshimika zaidi. Kigongwe muhuri, maana hapa karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia vitumbua.

Kama haiwezekani, basi tujulishwe utaratibu wa kulipa hiyo miaka kwa awamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi mbichi.

Viambatanisho: picha mbili za pasipoti, nakala ya kadi ya mpiga kura, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hiyo barua mwenyekiti alitaka kwanza kujua ya nini. Nilipomweleza, alisema mambo ya UNO yapo juu ya uwezo wake, akanitoza ya kugongea muhuri, akagonga.