Kabla ya Kumfukuza Dereva

Kompyuta ya gemu ikizimika katikati ya mechi, Makongolosi hukosi washauri. Wa kwanza atasema uapdeti draiva ya kadi ya picha. Wa pili atasema ufute draiva zote uziweke upya. Wa tatu, ambaye kwake hana hata kikokotoo, atasema tatizo ni bayosi, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Wote wanafanana na abiria wa basi lililokata pumzi kwenye mlima wa kutoka Mbeya kwenda Chunya: wanapiga kelele dereva abadilishwe, na hakuna anayeuliza kama tangi lina mafuta. Hoja yangu ni fupi: katika mji wa dhahabu kama Makongolosi, kuapdeti kuwe dawa ya mwisho, baada ya umeme na vumbi kuhojiwa.

Umeme ndiye mshukiwa mwenye rekodi. Pawasaplai nzuri, umeme ukikatika, hushikilia mzigo kwa milisekunde 16 hivi, na wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Kwa hiyo umeme ukipepesa jicho mara moja tu, taa itakonyeza, redio itaendelea kuimba, ila kompyuta imeshakata roho. Sasa fikiria karasha la kusaga mawe liko laini moja na wewe. Mota yake ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, volti ya laini ikazama, na wewe wakati huo umebakiza adui mmoja na risasi mbili. Windows yenyewe hutoa ushahidi: fungua Event Viewer, utakuta Kernel-Power 41, yaani mashine imezimika bila kuaga. Ikiwa haikuacha hata namba ya skrini ya bluu, shaka ya kwanza iende ukutani, kwenye soketi. Mshukiwa wa pili ni vumbi, na feni ya kompyuta haivai barakoa. Fungua kifuniko uchungulie kati ya mapezi ya alumini juu ya prosesa. Utakuta blanketi la kijivu ambalo hakuna aliyelinunua. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi hujizima zisiungue. Draiva mpya haifagii. Brashi laini ya rangi, mashine ikiwa imezimwa na kidole kimoja kikizuia feni isizunguke, hufanya kazi hiyo bila kula bando.

Mtu atasema, "Mbona niliapdeti ikapona?" Hayo ni maneno ya mgonjwa anayesifu hirizi huku vidonge vya hospitali viko mfukoni. Draiva ya kadi ya picha huzidi megabaiti 500, na kwa mtandao unaodondoka kama bomba la mtaa, mashine hupata muda mrefu wa kukaa bila gemu na kupoa. Kisha huzimwa na kuwashwa upya. Karasha nalo likafungwa jioni. Sifa zote akachukua draiva.

Msomi zaidi atanitajia Intel. Mwaka 2024 prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 ziliangusha gemu dunia nzima, na kweli tiba ilipitia kwenye bayosi: Agosti ilitoka mikrokodi 0x129, Septemba ikafuata 0x12B. Nakubali, lakini kesi hiyo inanitetea mimi. Gemu zilikuwa zikilalamika kuwa kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, watu wakahangaika na draiva, kumbe mgonjwa ni prosesa, iliyokuwa ikiomba volti kupita kiasi. Apdeti ilifaa baada ya ugonjwa kujulikana, na hata hivyo haikuifufua prosesa iliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana Intel iliongeza waranti kwa miaka 2. Tena bayosi haitaki papara. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, mazabodi isiyo na njia ya kujiokoa yaweza kubaki tofali. Kuandika bayosi bila UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu umeme unasumbua ni sawa na kumfanyia mtu upasuaji ndani ya basi kwa sababu barabara ina mashimo. Na atakayelalamika kwamba UPS ni ghali aulize bei ya mazabodi, kisha ajumlishe nauli ya kuifuata Mbeya.

Mchimbaji makini halijui neno bayosi, lakini somo hili analo. Hazamishi duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kuambiwa na jirani. Hutwanga jiwe kwanza, akaosha unga wake kwenye karai, akautazama mkia wa njano kama upo. Kompyuta nayo ioshwe sampo: rekodi, joto, umeme. Sampo ikimtaja draiva, mshusheni kituo kinachofuata. Ikiitaja soketi, mwacheni mwenzenu aendeshe, mkatafute mafuta.