Kifaru Mezani

Ukinunua kitabu cha programu za wavuti, wa kwanza kukisoma si wewe. Ni watu wa nyumbani, nao husoma jalada. O'Reilly, wachapishaji wa Marekani, wana desturi ya kuweka mnyama mbele ya vitabu vyao, kwa michoro ya karne ya 19: Perl ilipewa ngamia, JavaScript ikapewa kifaru. Mama alimtazama kifaru yule siku kadhaa bila kusema kitu. Kisha mjomba akapiga simu kutoka Karatu kunipongeza. Amesikia nasomea uaskari wa wanyamapori, na huko Ngorongoro anamfahamu mtu.

Sikumkatisha tamaa. Kumwambia kwamba nasomea namna ya kufanya kitufe kibadilike rangi kungemuumiza zaidi.

Kifaru wangu ana kurasa zaidi ya 1,000. Ni toleo la sita la kitabu cha David Flanagan, la mwaka 2011, linaloeleza lugha ambayo Brendan Eich aliiunda pale Netscape mwaka 1995 kwa siku 10 hivi. Siku kumi za kuunda, kurasa elfu za kueleza! Mwaka 2008 Douglas Crockford alitoa kitabu chembamba, kisichofika kurasa 200, juu ya sehemu nzuri za lugha hiyohiyo, na tangu hapo waandishi wa programu hawajaacha kuviweka viwili hivyo bega kwa bega na kucheka. Mimi nilichukua kinene. Kwa bei ile, mtu anataka uzito.

Shangazi naye aliutaka uzito huo. Alikuja kututembelea, akakuta sufuria la unga wa maandazi lina mfuniko usiotulia, na usiku ule kifaru akalala jikoni. Unga uliumuka vizuri sana. Sura inayofundisha alama za kutafutia maneno ndani ya maandishi, zile zinazoonekana kama kuku amekatiza juu ya kibodi, sasa ina doa la samli ukurasa mzima, na sijaona ilichopungukiwa.

Lakini kitabu cha karatasi kina sifa moja ambayo wauzaji wa video za mafunzo hawaitaji: umeme ukikatika, chenyewe hakizimi. Jioni moja giza lilinikuta kwenye mfano wa mzunguko unaopanga funksheni tatu zifanye kazi baadaye, kila moja ichapishe namba ya zamu yake. Ungetegemea 0, 1, 2. Unapata 3, 3, 3. Laptopu ingekuwa na chaji ningebadilisha hiki, nikafuta kile, mpaka ikubali, kisha nikalale bila kujua kwa nini imekubali. Gizani hila hiyo haipo. Nikashika penseli na tochi ya simu, nikawa mimi ndiye kivinjari. Na penseli ikasema: i, yaani kihesabio cha zamu, ni moja tu. Funksheni zote tatu zinaitazama hiyohiyo, na zamu ya kuchapisha inapofika, mzunguko umeshaisha na i imesimama kwenye 3. Mwaka 2015 lugha iliongezewa let, inayoipa kila zamu ya mzunguko i yake, jambo ambalo kifaru wangu, kwa umri wake, hawezi kulijua.

Kuendesha programu kichwani kunahitaji sauti kidogo. Mama, chumba cha pili, akamsikia mwanawe akihesabu gizani: sifuri, moja, mbili; tatu, tatu, tatu. Akaja mlangoni na tasbihi mkononi.

“Mwanangu, tatu gani hizo?”

“Za kitabu, mama.”

“Kifunge. Hao wanyama wa kuchorwa si wa kukaa nao usiku.”

Kitabu cha PHP, lugha nyingine ya wavuti, ndicho kilichonipeleka hadharani. Nilikinunua Posta, kwa muuza vitabu wa kutandaza chini, aliyeapa kwamba ni kipya kwa sababu hakijachorwa ndani. Mifano yake yote iliingia kwenye hifadhidata kwa funksheni za ukoo wa mysql_, na ukoo huo uliondolewa wote PHP 7 ilipotoka, Desemba 2015. Nikaongeza i hapa, nikasogeza mabano pale, zikawa mysqli_, mambo yakaenda.

Mteja alikuwa mwenye bucha mtaani kwetu, aliyetaka ukurasa wa nyama iliyopo leo: yeye anaandika asubuhi kwa simu, wateja wanaangalia kabla ya kutoka nyumbani. Akaingiza ng'ombe. Ukurasa mweupe. Akaingiza mbuzi, ikakubali. Utumbo wa ng'ombe, mweupe. Ulimi wa ng'ombe, mweupe. Maini yalipita, ila hayakusema ni ya nani.

Tatizo ni ritifaa. Kitabu kilifundisha kulibandika neno la mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, na mwanzo na mwisho wa neno huonyeshwa kwa alama hiyohiyo. Hifadhidata ikifika kwenye Ng' inaamini neno limekwisha, kisha inakutana na ombe, kitu isichokijua. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuandika baada ya ritifaa kitu kibaya kuliko ombe, nacho kikatekelezwa. Kwa haki, kitabu hakikudanganya: zama zake PHP yenyewe iliweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa, na ng'ombe angepita salama. Msaada huo uliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012. Siku hizi amri hupelekwa kwanza, neno likafuata peke yake, hivyo moja haliwezi kujifanya jingine. Hilo nalo nililipata kitabuni, chembamba safari hii, cha kuazima.

Nikaenda buchani na laptopu kwapani. Palikuwa na foleni.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja kumrudisha ng'ombe.”

“Marahaba. Ng'ombe yupo, si huyo ananing'inia? Watu wameona mbuzi mtupu kwenye simu, wakadhani ng'ombe kaadimika mjini, wamekuja kumgombania mbuzi na bei yake. Hebu subiri mpaka Jumatatu. Na yale maini yaache vilevile, yasiseme.”