Mzee, Tupigie Ile ya Zamani

Jumamosi usiku pale Kirumba, Mwanza, mzee akishika gitaa tu, ukumbi mzima unageuka mjuzi wa historia ya dansi. Yule aliyelipia sato na bia bila kuuliza bei, mlangoni alibishania kiingilio hadi jasho likamtoka. "Mimi shabiki wake tangu utoto!" Kana kwamba ushabiki ni tiketi ya kivuko cha Kamanga.

Ubahili huu hatukuuanza jana. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliingia bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964. Bendi ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Majina yalibadilika, mashabiki tukabaki walewale, wakarimu wa makofi, maana makofi hayana gharama. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya takriban miaka hamsini ya kuimba, hakuwa na gari. Aliyempa gari ni Diamond Platnumz, mwanamuziki kijana aliyezaliwa Gurumo akiwa nguli tayari. Sisi je? Tulimpigia makofi Diamond.

Basi mzee wa Kirumba asiwe na hofu. Nyimbo zake zote tunazikumbuka. Tunachosahau ni kiingilio tu.