Mikoani Tunatuma

Tangazo lilikuwa fupi: "Friji imetumika kidogo, haina tatizo. 180,000. Dar unakuja na usafiri wako, mikoani tunatuma."

Mwandishi wa makala haya, mkazi wa Sumbawanga, aliyasoma maneno mawili ya mwisho kama ahadi. Kumbe ni kitenzi tu. "Tunatuma" ina nafsi na ina wakati, mlipaji hayumo.

Jirani yake aliuliza swali ambalo lingetosha kuivunja biashara: friji ya nini huku Ufipa? Mji umekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni maji ya ndoo yaliyolala nje yanauma meno. Lakini mtu akishapenda bei hasikii baridi. Pesa ikatumwa. Dada muuzaji, aliyekuwa anahama nyumba Tabata, akajibu, "Imeingia kaka angu, kesho inapanda basi."

Ikapanda. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100: Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma, ambako reli ya TAZARA na malori huingia Zambia, na basi la Sumbawanga hukata kulia kuelekea Laela. Lami ya kipande hicho, iliyotokana na mkataba wa Tanzania na Marekani wa 2008, imepunguza saa na vumbi. Kilomita zimebaki zilezile.

"Mzee, mzigo wako umefika," wakala alipiga simu kutoka stendi. "Unadaiwa elfu arobaini." Juu yake kulikuwa na 3,000 ya kushusha, na 2,000 kwa sababu friji ililala stoo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hutangaza ukomo wa nauli ya abiria kwa kilomita. Friji haina kiti, hivyo nauli yake hupimwa kwa jicho la utingo, na jicho hilo huanza kwa kumpima mwenye mzigo.

Alipokuwa bado anahesabu noti, ujumbe ukaingia kutoka Tabata: bajaji hadi stendi ya Mbezi 15,000, vijana wa kupakia 5,000, mbao na misumari ya kukingia 12,000. "Jumla 32,000 kaka, tuma na ya kutolea." Ukijumlisha na ya stendi ni 77,000, kwa friji ya 180,000.

Akalalamika kwamba hakuambiwa. Dada akajibu kwamba hakuuliza, kisha akaongeza, "Nyie wa Sumbawanga si mna ungo? Mngekuja kuichukua wenyewe usiku." Utani huo kila mtu wa Rukwa ameshausikia, ingawa jina la mji kwa Kifipa lina maana ya kuutupa uchawi, si kuufungulia stendi.

Mwandishi akakimbilia Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye mizizi katika sheria ya Uingereza ya 1893. Alikuta haimpendi sana. Pasipo makubaliano, mahali pa kukabidhiana ni kwa muuzaji, maana yake kuanzia mlangoni Tabata bajaji na basi ni juu ya mnunuzi. Kitu kimoja tu kilimpa pumzi: gharama ya kuiweka bidhaa katika hali ya kukabidhiwa ni ya muuzaji. Katika maneno hayo aliona mbao. Aliona na misumari.

Akatuma 20,000 na ya kutolea, pamoja na maelezo marefu ya kisheria ambayo hakuna aliyeyaomba.

Dada alikaa kimya siku nzima. Jioni akaandika, "Sawa kaka, nimekuelewa. Mbao nimelipa mimi. Kwa hiyo ni zangu. Naomba unirudishie."

Mwandishi alitazama uani. Mbao zilikuwa zimeshageuka banda la kuku, na kuku sita walikuwa ndani wakijikunyata kwa baridi. Akafikiri kidogo, kisha akajibu:

"Usijali dada. Dar tunatuma."